Safu ya Ushauri: Mwanangu huzidiwa na kelele. Je, nimpeleke kwenye bustani ya michezo?

Mpendwa Mshauri,

Natumaini u mzima na shughuli zako zinakwenda vizuri. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Moshi pamoja na mume wangu na mama yake mzazi. Binti yangu ana miaka 11 na mdogo wake wa kiume ana miaka 7. Ninaandika kwa ajili ya huyu mdogo, ingawa jambo lenyewe linatugusa sote nyumbani.

Tangu akiwa mchanga, mwanangu amekuwa akiumizwa na mambo ambayo wenzake hata hawayaoni. Nikianza kumenya embe hukimbilia uani, kwa sababu ameshajifunza kwamba baada ya embe inafuata sauti ya brenda. Soksi huzikataa kwa ajili ya ule mshono wa kwenye vidole, shati jipya halivai mpaka nikate nembo ya shingoni, na kwa kinyozi huanza kulia tangu mashine inapochomekwa kwenye umeme. Chakula chake ni ndizi za kuchemsha, wali mweupe na yai, basi. Lakini mtoto huyo huyo anapenda bembea kupita kiasi. Atazungushwa mpaka sisi tunaomtazama tuone kizunguzungu, naye atashuka ametulia akiomba aongezewe. Hapo ndipo mama mkwe wangu hupata la kusema: mtoto anayefurahia kuzungushwa namna ile hawezi kuogopa spika, ila mimi nimemdekeza, na akipelekwa mara kwa mara kwenye watu wengi atazoea.

Siku ya Idi Pili iliyopita tuliwapeleka kwenye viwanja vya michezo ya watoto mjini Arusha. Puto kubwa la kurukia lilikuwa likijazwa upepo kwa mashine, jenereta ilikuwa nyuma yake, na mshereheshaji alikuwa akiita majina ya watoto kwenye kipaza sauti. Mwanangu aliketi chini palepale kwenye foleni, akaingiza kichwa chake ndani ya khanga yangu na kuuma pindo lake kwa nguvu mpaka likachanika. Nilipojaribu kumwinua alipiga mateke na kupiga mayowe. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu aliniambia nimchape kidogo, atanyamaza. Tuliondoka kabla dada yake hajacheza chochote, naye alilia kimyakimya ndani ya gari mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa kaka yangu anayeishi Dar es Salaam, ambaye kila Desemba hupanda Moshi na familia yake, amesema safari hii zamu yetu kushuka, likizo ya Juni. Amewaahidi watoto wote siku nzima kwenye bustani kubwa ya michezo ya maji kule Kunduchi. Mume wangu anaona ni busara mdogo abaki na bibi yake, ili binti yetu naye apate siku yake. Tatizo ni kwamba mtoto mwenyewe anapenda maji, na tangu aliposikia habari hizo hulala akiniuliza kama maji ya huko yanafika kiunoni au shingoni. Nikimwacha nitamvunja moyo, na nikimpeleka naogopa yasije yakarudi yale ya Arusha mbele ya wajomba na binamu zake. Naomba unishauri.

Mama aliye njia panda, Moshi

*

Mama mpendwa,

Mpeleke mwanao, maadamu mwenyewe anayataka maji hayo, lakini usimpeleke kwenye siku ile ambayo kaka yako ameipanga. Matembezi ya bustani ya michezo kwa kawaida hupangwa kwa kipimo cha yule anayeweza kuvumilia kuliko wote: kufika watu wakiwa wamejaa, kuzunguka kila mchezo, kula hapo hapo, na kuondoka jua likizama. Siku yenu haina budi kupangwa kwa kipimo cha yule anayezidiwa mapema, na walio na nguvu zaidi waongezewe saa zao baadaye, yeye akiwa ameshaondoka. Ukikubali hilo, mengine yote niliyo nayo ni namna ya kulitekeleza.

Nianze na hoja ya mama mkwe wako, kwa kuwa naamini anampenda mjukuu wake na anasema analoliona. Ni kweli kwamba inashangaza mtoto kuikimbia brenda kisha akaomba azungushwe zaidi. Lakini mwili hauna milango mitano tu ya fahamu. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachopima mizani na mzunguko wa mwili, na kwenye misuli na viungo kuna hisia nyingine inayotuambia mikono na miguu yetu iko wapi na inakandamizwa kiasi gani. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku) wa Marekani, Jean Ayres, aliyefariki mwaka 1988, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jinsi ubongo unavyopokea na kupanga taarifa za milango hiyo yote, na kazi yake ndiyo iliyowafungulia njia wataalamu wa leo. Mtoto mmoja anaweza kupokea sauti na miguso kwa ukali unaomuumiza, na papo hapo akapokea mzunguko kwa uhafifu kiasi kwamba hutafuta bembea kwa saa nzima ili mwili wake utosheke. Hayo mawili hayapingani. Mwanao hachagui lini aogope na lini asiogope, na bembea ile, kwa namna ulivyoieleza, huenda ndiyo dawa yake ya kujituliza. Ikumbuke, tutaihitaji.

Kuhusu neno kwamba atazoea, hapo sikubaliani na mama kabisa. Watoto wengi wakisikia kelele ile ile mara nyingi, ubongo wao huacha kuishtukia. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa kupiga picha za ubongo umeonyesha kwamba kwa watoto wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano) ambao pia wana hisia kali za namna hii, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu huendelea kuitikia kelele inayojirudia, pale ambapo kwa wenzao mwitikio huwa umeshapungua. Sisemi kwamba mwanao ana usonji. Hilo haliwezi kujulikana kwa barua, na wapo watoto wengi wenye hisia kali ambao hawana usonji. Ninachosema ni kwamba kumkalisha mtoto karibu na spika kwa nguvu hakumfundishi kuvumilia. Humfundisha kwamba mtu anayemwamini humpeleka mahali pa maumivu na kumzuia asitoke. Mtoto huzoea pale anapopewa dozi ndogo, akijua itakwisha lini, na akijua kwamba akisema basi atasikilizwa.

Yaliyotokea Arusha hayakuwa ujeuri. Mtoto anayedeka hulia huku akiangalia kama unamtazama, na akipewa anachotaka hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa hata ukimpa puto zima na keki juu yake hawezi kunyamaza, kwa sababu hakuna anachokitaka isipokuwa kelele ile ikome. Mwanao aliingiza kichwa ndani ya khanga na kuuma kitambaa: alikuwa amejitafutia giza, amepunguza sauti, na ameyapa mataya yake kazi ya nguvu inayotuliza. Kwa mtoto wa miaka 7, hayo ni maarifa makubwa, na mama aliyeshauri fimbo hakuyaona.

Sasa maandalizi. Tuna bahati kwamba kaka yako yuko Dar es Salaam, kwa hiyo mpe kazi. Mwombe aende huko siku ya kawaida na apige picha kwa simu: lango la kuingilia, mahali pa kukatia tiketi, mabwawa, vyoo, sehemu za kivuli, na mlango wa kutokea. Achukue pia video fupi zenye sauti. Ukizipata, zipange kwa mfuatano na umsimulie mwanao kila jioni kama hadithi yake mwenyewe: hapa tutashuka kwenye gari, hapa tutasubiri, hapa maji yanakufika kiunoni, hapa kuna kelele na tutapita mbali, hapa tutatokea kwenda kwa mjomba. Video zianze kwa sauti ya chini, naye mwenyewe ndiye aiongeze akitaka. Usimfiche lolote lisilopendeza. Mtoto wa namna hii huumizwa zaidi na jambo la ghafla kuliko jambo baya alilolitarajia.

Kuna bustani za michezo nje ya nchi ambazo zimelifanyia kazi jambo hili, na yapo ya kuchukua kwao bila kulipa nauli ya ndege. Sesame Place, iliyoko jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 2018 ilikuwa bustani ya kwanza ya aina hiyo duniani kupewa cheti cha kuhudumia watoto wenye usonji. Pamoja na kuwafundisha wafanyakazi wake, ina mwongozo unaoupa kila mchezo alama ya 1 hadi 10 kwa kila mlango wa fahamu: sauti kiasi gani, mwanga kiasi gani, mguso, harufu, hata ladha. Mzazi huusoma kabla hajaingia. Wewe na kaka yako mnaweza kuutengeneza wa kwenu kwenye daftari kwa jioni moja, kwa kutumia zile video na yale unayoyajua juu ya mwanao. Mteremko wa maji ulio mfupi na wazi unaweza kupata alama ndogo kwa sauti na kubwa kwa mzunguko, yaani unamfaa. Ule wa bomba lililofungwa, wenye giza na mwangwi, uache. Katika bustani za Disney, kwa mtoto ambaye kwa sababu za ukuaji wake hawezi kusimama kwenye foleni ya kawaida, upo utaratibu wa kupewa muda wa kurudi, akasubiri kwingine badala ya kubanwa na watu. Kwenu hilo linawezekana kwa njia nyepesi: binamu mkubwa asimame kwenye foleni, mtoto akae kivulini, aitwe zamu ikikaribia.

Kabla ya safari pia, wapigie simu wahusika wa bustani yenyewe. Waulize ni siku gani watu huwa wachache, muziki hufunguliwa saa ngapi na spika ziko upande gani, kama kuna mshereheshaji siku hiyo, kama mtu akitoka anaweza kurudi kwa tiketi ile ile, na kama mnaruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto. Hilo la chakula ulieleze waziwazi, kwa sababu sehemu nyingi za burudani huzuia vyakula vya nje, na mwanao hatakula chipsi kwa kuwa tu ana njaa. Atakaa na njaa, na njaa itaongeza ukali wa kila kitu kingine. Usione haya kuuliza, wala usijione unaomba hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Hata kama mwanao hajapimwa wala kupewa jina la hali yake, moyo wa mkataba huo unamhusu, na meneja mwenye busara atakuelewa.

Msiende Jumapili wala siku ya sikukuu, na tarehe 7 Julai, siku ya Sabasaba, iepukeni kabisa. Chagueni siku ya katikati ya wiki na mfike lango linapofunguliwa, kwa maana saa ya kwanza ndiyo yenye nafasi, hewa na utulivu. Wala msiende kesho yake baada ya kushuka kwenye basi. Safari ya Moshi hadi Dar es Salaam huchukua sehemu kubwa ya mchana, kuna muziki au filamu ndani ya basi, honi, harufu ya vyakula pale mnaposimama njiani, na mwisho wake kituo kilichojaa watu na wapiga debe. Mtoto atafika akiwa ameshatumia akiba yake yote ya uvumilivu. Mpeni siku mbili kamili za kukaa kwa mjomba, akiijua nyumba, choo na kitanda.

Mkiwa bado Moshi, mfanyie mazoezi ya maji. Mtafutieni mapema nguo ya kuogelea ya mikono mirefu, kwa kuwa mafuta ya kujikinga na jua yana harufu na unato ambao huenda akaukataa. Mwache aivae nyumbani ikiwa kavu, kisha aivae kwenye beseni ikiwa imelowa. Siku moja ya kawaida asubuhi mpelekeni Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa upande wa Boma Ng'ombe, ambako maji ni maangavu na miti mikubwa inatoa kivuli. Hapo utajifunza mengi: anavumilia nini mwilini akiwa amelowa, anataka kutoka baada ya muda gani, na anakuonyeshaje kwamba amechoka. Lakini maji ya Chemka yana kina, kwa hiyo asiingie bila mtu mzima anayejua kuogelea aliyemshika. Mkiona Chemka ni mbali, bwawa la hoteli lolote mjini siku ya kazi litatosha.

Kuhusu sauti, jambo lenye msaada kuliko yote halihitaji fedha, nalo ni umbali. Mahali pa wazi, kila mnapouzidisha mara mbili umbali kutoka kwenye spika, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Mkitoka mita 5 hadi mita 40, mmepunguza takriban desibeli 18, na tofauti hiyo mtoto anaisikia mwilini. Kwa hiyo mkiingia, kabla ya kuchagua mchezo wowote, chagueni makao: pembe iliyo mbali na spika, jenereta na jiko, yenye ukuta au ua mgongoni na njia fupi ya kutokea. Tandikeni hapo na mumwonyeshe mtoto kwamba hapo ndipo kwake, anaweza kurudi wakati wowote bila kuuliza.

Nunua pia vile vifunika masikio vinavyovaliwa na mafundi wa mashine za mbao. Maduka ya vifaa vya ujenzi huwa navyo, na hupunguza sauti kwa kiasi cha desibeli 20 hadi 30 vikikaa vizuri. Angalia tu visimbane kichwa, kwa kuwa vingi vimetengenezwa kwa watu wazima. Avijaribu nyumbani brenda ikiwa imezimwa, kisha ikiwashwa chumba cha pili. Avivae penye kelele na kuvivua penye utulivu, kwa maana wataalamu huonya kwamba sikio linalofunikwa kutwa linaweza kuongeza ukali wake. Ndani ya maji havivaliwi. Vyooni ndiko huwa vinasahaulika: ile mashine ya kukaushia mikono hulia ghafla, kwenye chumba chenye mwangwi, na mtoto anaweza kuharibikiwa siku yake yote pale. Mvalishe kabla hamjaingia, na uwe na taulo lako.

Jambo moja nitalisema kwa mkazo. Mtoto anayependa maji, ambaye akizidiwa hukimbia bila kuangalia anakokwenda, yuko hatarini kwenye bustani ya maji kuliko mtoto mwingine yeyote katika kundi lenu. Pasiwe na saa ambayo watu wazima wote wanadhani kuna mwenzao anayemwangalia. Mtu mmoja atajwe kwa jina, na akitaka kupumzika amkabidhi mwingine kwa mdomo: sasa yuko kwako. Mvalishe nguo ya rangi kali inayoonekana kutoka mbali, na namba yako ya simu iandikwe mkononi mwake kwa wino usiofutika kwa maji, kama ngozi yake inakubali.

Kisha kuondoka. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza kila walichokijenga asubuhi. Mtoto anacheka, wazazi wanafurahi, tiketi imelipiwa, kwa hiyo wanasema tuongeze kidogo, na ile nyongeza ndiyo inayoishia kwenye mayowe. Ondoka naye angali anafurahi. Kubalianeni tangu nyumbani idadi ndogo ya michezo, tuseme mitatu, umwandikie kwenye karatasi na afute mmoja mmoja. Ukifutika wa mwisho mnakunywa maji, mnavaa nguo kavu, mnatoka. Ikiwa amecheza saa moja na nusu tu, amecheza. Ikiwa ameketi pembeni ya bwawa la wadogo akipiga maji kwa miguu asubuhi nzima bila kupanda mteremko hata mmoja, hiyo ndiyo starehe yake, na mjomba asimbembeleze kupanda kwa sababu ya fedha alizolipa. Akirudi na kumbukumbu nzuri, safari ijayo ataomba mwenyewe mchezo wa nne.

Binti yako ndiye sababu ya pili ya mpango huu. Alilia kimyakimya ndani ya gari, na mtoto anayelia hivyo ameshaanza kujifunza kwamba haja zake ndizo za kuahirishwa. Usimwombe aelewe tena. Mwambie mapema, mbele ya baba yake, kwamba saa ya kuondoka kwa mdogo wake si saa ya kuondoka kwake: wewe au baba yao mtatoka na mdogo kwa gari, na mmoja wenu atabaki naye pamoja na mjomba na binamu mpaka jioni. Asipewe kazi ya kumlinda mdogo wake hata kwa dakika moja siku hiyo. Na mume wako, ambaye nia yake ya kumwacha mdogo nyumbani ilitokana na kumhurumia binti, nadhani ataona kwamba mpango huu unampa alichokitaka bila kumfungia mwanawe nje ya furaha ya ukoo.

Pamoja na yote hayo, huenda akazidiwa. Ukiona ameanza dalili zake, labda kuziba masikio, kuuma nguo, au ukimya usio wa kawaida, usingoje. Nenda naye kwenye makao yenu au nje ya lango. Punguza maneno; sentensi fupi moja inatosha, "Niko hapa, tunatoka." Usimlazimishe akutazame machoni. Mfunike kwa khanga kama alivyojifunika mwenyewe, na ikiwa hupenda kukumbatiwa, mkumbatie kwa nguvu thabiti, kwani mguso mwepesi wa kupapasa huwakera wengi wao zaidi. Kama kuna bembea mahali pa utulivu, ndio wakati wake. Wanaotazama waambie mara moja tu, "Kelele zinamuumiza, atatulia," kisha uwageuzie mgongo. Binamu zake waelezwe hayo kabla, kwa lugha rahisi, na baba yao, tena kwa sauti ya kawaida isiyo ya siri wala ya aibu.

Mama mkwe wako usimwachie mjadala huu barazani. Mshirikishe. Mwombe yeye ndiye amsimulie mjukuu zile picha jioni, kwa kuwa kina bibi ndio wenye subira ya kurudia hadithi ile ile kila siku, na mwambie kwa heshima, "Mama, nisaidie kumwandaa, wewe anakusikiliza." Atakapoona mtoto anauliza maswali na kupanga mwenyewe atakapokaa, ataona mengi ambayo hoja zangu haziwezi kumwonyesha.

Mwisho, hapo Moshi mna msaada ambao wazazi wa mikoa mingi hulazimika kuusafiria. Hospitali ya KCMC ina wataalamu wa tiba kwa vitendo na chuo kinachowafundisha. Nenda kabla ya Juni, si kwa sababu ya safari hii tu, bali kwa ajili ya soksi, kinyozi, chakula, na madarasa yanayomsubiri. Omba masikio yake yapimwe pia, kwa maana maumivu ya sauti wakati mwingine hutoka kwenye sikio lenyewe. Usiende mikono mitupu. Kwa wiki chache tangu sasa, andika kwenye daftari kila tukio: ilikuwa saa ngapi, alikuwa amekula na kulala vipi, sauti au mguso gani ulitangulia, alifanya nini, na nini kilimtuliza. Andika na yale ya bembea, anazunguka kwa muda gani na anakuwaje baada ya hapo, kwa sababu mtaalamu atakuuliza kwanza vitu anavyovipenda kabla hajakuuliza anavyovikimbia.